Baba Mdogo, karatasi ya kihamba cha chini sitaisaini

Ninotsminda, Georgia

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua yako nimeipata, pamoja na ile karatasi ya kuuza kihamba cha chini, shamba letu la ukoo, uliyoikunja ndani yake. Mama Mdogo mfikishie shikamoo yangu. Shangazi Manka nimemwandikia peke yake, kwa hiyo usimsomee hii kabla hajapata ya kwake. Mimi ni mzima. Baridi ipo, tumeizoea.

Nianze na lililoniuma. Umeandika kwamba "huko Ulaya watu wanauza ardhi kila siku na hakuna ukoo uliokufa", na kwamba mimi niliyesomea upimaji nilitakiwa kuwa wa kwanza kuelewa. Ni kweli nimesomea upimaji, na nashukuru Mungu kazi imenipenda. Huku mashine naishika mimi, vijana wa Kigeorgia wananishikia fimbo, na ramani zikitoka jina langu limo. Marehemu Baba angeliona hilo angechinja. Lakini ni kazi hiyohiyo inayonifanya nikatae, kwa sababu vijiji ninavyovipima nimeona jinsi vilivyobadilisha watu. Ngoja nikueleze habari za kimoja tu, Gorelovka, halafu tutarudi kwenye kihamba cha chini.

Gorelovka iko kusini mwa mji huu, upande wa mpaka wa Armenia. Mwinuko wake unapita mita 2,000, yaani juu kuliko geti la Marangu, ila usitegemee msitu. Ni uwanda wa majani, maziwa na upepo, na Wageorgia wenyewe huuita ukanda huu Siberia yao. Theluji inakaa nusu ya mwaka. Kinachokubali ni viazi mviringo, shayiri, kabichi na nyasi za ng'ombe. Mahindi hayakomai. Hilo la mahindi uliweke kichwani, nitalirudia.

Waliokijenga kijiji hawakukichagua. Ni Warusi wa dhehebu la Dukhobori, wakulima waliokataa mapadri na sanamu za kanisa wakisema Mungu anakaa ndani ya mtu, kwa hiyo anayemuua mtu amemgusa Mungu. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wameruhusiwa kukaa kando ya mto Molochnaya, tambarare yenye rutuba ambayo leo iko kusini mwa Ukraine. Kisha mfalme wa Urusi, Nicholas I, akaamuru: anayerudi kanisa la Orthodoksi abaki, asiyerudi apelekwe Kaukazi, yaani huku. Kati ya 1841 na 1845 watu kama 5,000 wakahamishwa na mikokoteni yao. Huku Javakheti, ndio uwanda huu ninaokueleza, wakaanzisha vijiji vinane, na wakavipa majina ya kule walikotolewa: Bogdanovka, Tambovka, Rodionovka, Efremovka na vinginevyo. Gorelovka ni Goreloye ya Molochnaya. Huu mji ninaokuandikia ndio Bogdanovka yenyewe, jina limebadilishwa mwaka 1991.

Wewe ni fundi, kwa hiyo nikueleze nyumba zao kifundi. Kuta ni za mawe na udongo, nene, fupi, zimechuchumaa ili upepo upite juu. Zinapakwa chokaa nyeupe na fremu za madirisha rangi ya samawati. Paa la zamani halina bati wala nyasi za kuezeka. Wanalaza boriti nene za miti, juu yake mbao au fito zilizobanana, kisha matawi au majani makavu, kisha udongo wa mfinyanzi, na mwisho mapande ya ardhi yaliyokatwa na majani yake, majani yakiangalia juu. Mizizi ya majani inashika udongo usibebwe na maji, na theluji ikilala juu yake joto halitoki. Uzito wake ni mkubwa, na likilowa uzito unaongezeka, ndiyo maana boriti haziachani sana na katikati kuna mhimili mmoja mnene unaobeba zote.

Ubovu unaanzia sehemu mbili. Ya kwanza ni pale bomba la moshi linapotoboa paa, kwa kuwa udongo hujitenga na tofali na maji hupenya. Ya pili ni kichwa cha boriti kilichozikwa ndani ya ukuta, maana jiwe linashika unyevu na mti unaoza mahali usipoweza kuuona. Nyumba yenye watu inajiponya: jiko linawaka, mti unakauka, na kila mwaka mwenye nyumba anapanda juu kuziba nyufa na kupaka chokaa. Nyumba iliyofungwa haina jiko. Baada ya misimu michache ya theluji pembe moja inalala, na pembe ikishalala majirani wanakuja kuchukua boriti, kwa sababu miti huku hutoka mbali na ni ghali. Kwa hiyo ukipita Gorelovka leo ukaona vilima vidogo vya mawe na majani katikati ya nyumba, usidhani ni vilima.

Na kwa kuwa hakuna kuni, wanawasha samadi. Majira yote ya baridi ng'ombe wanalala zizini juu ya majani makavu, wanakanyaga, wanaongezewa majani mengine, wanakanyaga tena, mpaka sakafu inakuwa tabaka moja nzito lililoshindiliwa. Theluji ikiisha wanalikata kwa sepetu katika mapande kama ya tofali, wanayasimamisha mawili mawili yaegemeane yapate upepo, wanayageuza, kisha wanayapanga kuwa mnara wenye matundu ili ukauke ndani. Yakianikwa majira ya mvua au yakipangwa yakiwa mabichi, yanavunda na kutoa moshi bila moto. Moto wake hauna fujo, unakaa muda mrefu, na nyumba inabaki na harufu fulani. Mnara ulio nje ya nyumba unakuambia familia ina ng'ombe wangapi na vijana wangapi wa kushika sepetu. Wazee waliobaki peke yao hawana mnara, wanauziwa na jirani.

Sasa watu wenyewe. Kuanzia 1864 waliongozwa na mwanamke, Lukeria Kalmykova, na makao yake yalikuwa Gorelovka hapo hapo. Chini yake walitajirika. Vita vya Urusi na Uturuki vya 1877 na 1878 walikodisha mikokoteni yao kwa jeshi, na hela ikaingia. Mali ya pamoja ilikaa kwenye jumba waliloliita Nyumba ya Yatima, ambalo halikuwa la yatima peke yao: ndiyo ilikuwa hazina yao, baraza lao na mahali pao pa sala. Lukeria akafa Desemba 1886 bila mtoto. Hapo ukoo ukapasuka. Wengi walimtaka Peter Verigin, kijana aliyekuwa amelelewa na Lukeria kwa uongozi. Wachache walisimama na kaka wa marehemu, Mikhail Gubanov, aliyedai kwamba jumba na mali ni urithi wake. Kesi ikaenda serikalini na serikali ikampa kaka mtu. Verigin akapelekwa uhamishoni.

Baba Mdogo, hapo nilisimama nikakaa na hasira usiku mzima. Mali ya watu wote ilikuwa imeandikwa kwa jina la mtu mmoja kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi. Alipokufa, sheria haikuona watu wote, iliona ndugu mrithi. Sasa niambie, kihamba cha chini kimeandikwa kwa jina la nani pale ofisi ya kijiji? Nakuuliza kwa heshima.

Waliofuata Verigin wakakaza imani. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Juni 1895, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, walikusanya silaha zao zote wakaziteketeza, huku Javakheti, na kule Elizavetpol na Kars walikokuwa wenzao, ili serikali ijue kwamba hawatamuua mtu. Makosaki, askari wa farasi wa mfalme, wakaja na mijeledi. Watu zaidi ya 4,000 wa wilaya hii waliondolewa makwao wakatawanywa kwenye vijiji vya mabondeni vyenye joto na malaria, na wengi walikufa huko. Mwandishi Tolstoy na Wakwekeri wa Uingereza, Wakristo wanaokataa vita kama wao, wakawachangia nauli. Meli ya kwanza iliondoka bandari ya Batumi Desemba 1898 ikafika Halifax, Kanada, Januari 1899, na kwa jumla kama watu 7,500 walihamia Kanada. Huko nako wakataka kulima pamoja bila kila mtu kujiandikishia kiwanja na kuapa kwa mfalme wa Uingereza, na mwaka 1907 serikali ikafuta usajili wa mashamba yao mengi. Sehemu kubwa ikabidi waanze upya jimbo la British Columbia, kwa ardhi waliyoinunua.

Gorelovka wakabaki wale wa upande wa Gubanov. Wakapita wakati wa Wasovieti ndani ya shamba la ushirika wa serikali, na walilima vizuri, na jibini yao ilikuwa na sifa. Zaburi zao wanazikariri bila kitabu, bibi anamwambia mjukuu. Siku ya sala wanaume wanasimama upande mmoja na wanawake upande mwingine, na kila mmoja anamwinamia mwenzake kwa kuwa Mungu yumo ndani yake. Nyumba ya Yatima bado ipo, ina kibaraza cha mbao cha kuchongwa na bustani, na korongo wanajenga viota juu ya nguzo. Ni mahali pazuri, Baba Mdogo. Ukikaa pale jioni ya Julai unakumbuka nyumbani na kifua kinabana, maana bila mgomba hata kijani kinakuwa na kasoro. Tangu niondoke sijaonja mtori wenye ladha.

Kilichokimaliza kijiji hakikuwa mjeledi. Mjeledi walikwishauzoea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Usovieti ulianza kuyumba, utaifa wa Kigeorgia ukapanda, na wazee wakaogopa kwamba watoto hawatakuwa na shule ya Kirusi wala jeshi la kuwalinda. Mwaka 1989 kundi la kwanza likahamia mkoa wa Tula, Urusi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi jingine likaenda mkoa wa Bryansk, na karibu na 2007 jingine mkoa wa Tambov, kwa mpango wa Urusi wa kurudisha watu wake. Mwaka huohuo wa 2007 kambi ya jeshi la Urusi iliyokuwa mji jirani wa Akhalkalaki ikakabidhiwa, na pamoja nayo likaondoka soko la maziwa, viazi na ajira. Sensa ya 2002 ilikuta Warusi 943 tu katika wilaya nzima ya watu 34,305. Leo Gorelovka Wadukhobori hawafiki mia mbili, na wengi ni wazee.

Na nyumba zao? Hapa ndipo kazi yangu ilipo. Kila aliyeondoka aliuza peke yake, haraka, kwa bei ya mtu anayekimbia. Miaka ya mwanzo kulikuwa na mfuko wa Kigeorgia ulionunua nyumba nyingi wilayani ili kuleta Wageorgia kutoka milima ya Ajara, ambako maporomoko ya ardhi yalikuwa yanameza nyumba. Waarmenia, ambao ndio wengi wa wilaya hii na babu zao walitoka Erzurum karibu na 1830, nao wakaanza kununua, baadhi kwa sababu walihitaji nyumba, baadhi ili kijiji kisichukuliwe na wengine. Baadaye serikali ikaendelea kuwaleta Waajara. Ndani ya kizazi kimoja kijiji cha watu wa aina moja kikawa cha watu wa aina tatu, wenye dini tofauti, wanaoelewana kwa Kirusi cha wale waliokwisha kuondoka.

Sitaki uelewe kwamba nawalaumu walionunua. Mwajara aliyefika pale alikuwa amepoteza mlima wake. Alitoka kwenye miti, mahindi na maharage, akaletwa kwenye uwanda ambapo mahindi hayakomai na kuni hakuna. Hakujua kukata samadi wala kupanda juu ya paa la udongo. Wengine walipitisha baridi ya kwanza wakafunga mlango wakarudi Ajara, na nyumba ikalala. Waliobaki wamejifunza, na viazi vyao leo ni vizuri kama vya yeyote. Shida yao ni karatasi. Nyumba ilibadilishana mikono kwa maandishi ya mkono mbele ya shahidi, hela ikatolewa, muuzaji akapanda gari akaenda Urusi, na usajili haukufanyika. Wengine waliwekwa na serikali wakakaa miaka bila hati. Aliyesaini yuko mkoa wa Tambov au amefariki, na mrithi wake hajulikani.

Shamba lenyewe lina kasoro yake. Ardhi zilipogawiwa watu nchini miaka ya 1990, ukanda wa kilomita 21 kutoka mpakani uliachwa nje, kwa hiyo wilaya hii ilibaki ya kukodi. Wadukhobori waliobaki walisimamisha ushirika wakauita Dukhoborets, ukakodi mashamba na malisho kwa niaba ya wote. Ushirika ulipokuwa hai, mzee asiye na mtoto alikuwa na sehemu ya nyasi na trekta ya kumlimia. Lakini kadiri nyumba zilivyouzwa moja moja, wanachama wakapungua, na waliohamia wakawa wanauliza kwa haki kabisa: kwa nini wachache washike ardhi kubwa na sisi hatuna? Ugomvi ukawa wa malisho na maji, kila upande ukisema ni ukabila. Mimi nikisoma ramani naona hesabu. Ushirika ulipokufa, mzee aliyekuwa na sehemu ya wote akabaki hana sehemu ya mtu yeyote.

Basi turudi kwetu. Umesema mnunuzi wa kihamba cha chini ni mtu mstaarabu wa mjini. Namwamini, sina neno naye. Umesema anataka eneo la barabarani tu. Baba Mdogo, eneo la barabarani ndilo lenye njia ya kufikia mfereji na nyumba ya Shangazi Manka. Akishaweka ukuta, Shangazi atapita wapi na ndoo? Mfereji tuliosafisha sote utaingia kwa nani? Na lile jambo la mwaka ule, wewe unalijua na mimi nalijua, lilianza hivyohivyo, kwa kipande cha barabarani.

Tena umeniletea karatasi yenye nafasi ya sahihi yangu, lakini haina vipimo, haina majirani wa pande nne, haina jina la Shangazi, na tarehe imeachwa wazi. Karatasi za namna hiyo nimeziona nyingi mno huku, zina mihuri na machozi, na haziwezi kumsaidia aliyeuza wala aliyenunua.

Ninachoomba kifanyike ni hiki. Kwanza mwite mwenyekiti na wazee wa pande zote nne, mkaonyeshane mipaka mkiwa wote. Pale masale, mimea yetu ya mpaka, yalipokufa pandeni mengine siku hiyohiyo, na chini ya kila sale zikeni jiwe, kwa kuwa sale linang'oka na jiwe linabaki. Andikeni hatua kutoka jiwe hadi jiwe na jina la kila jirani aliyekuwepo. Halafu ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji, iandikwe kwa pamoja majina yetu wote, la Shangazi likiwemo, na la Ndeshi likiwemo ingawa ameolewa Machame. Msikubali jina la mmoja "kwa niaba ya wengine", hata kama mmoja huyo ni mimi. Njia ya Shangazi na mfereji vichorwe kwenye mchoro. Hayo yakikamilika, mwenye kutaka kuuza sehemu yake alete hoja mbele ya wote tukiwa tumekaa, na nitasikiliza. Kabla ya hapo sahihi yangu haipo.

Hela nimetuma. Shilingi laki sita ni za ada ya Neema, zilipwe shuleni moja kwa moja na risiti nipigiwe picha. Laki mbili ni za kazi ya mipaka: chakula cha wazee, miche ya masale na ada za ofisi. Zimekwenda kwenye simu ya Shangazi Manka, na nimemwambia akupe hesabu. Zile ulizoziomba za "kumwona" yule bwana sijatuma na sitatuma.

Krismasi hii sitafika, tunapima mpaka theluji itukatize, halafu kuna kazi ya kuchora. Mwakani nikijaliwa nitakuja na mashine ndogo ya kupimia, tuzungukie kihamba chote pamoja, wewe ukinionyesha, maana mawe ya babu unayajua wewe peke yako.

Mwanao,
Aminieli

N.B. Fremu za madirisha ya kanisa ulizozitengeneza nilionyeshwa kwenye simu. Ni kazi nzuri sana. Huku fundi wa mbao aliyezitazama aliuliza ulitumia mti gani, nikamwambia mkangazi, akataka kujua unakaushwa muda gani kabla haujapasuliwa. Nijibu hilo, ninataka kumpelekea.